Bwana Shamba na Tritikali ya Msikiti

Kusengenya ni dhambi, nami nimewafundisha hivyo watoto wa madrasa hapa Dranya, karibu na mji wa Koboko, kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwa hiyo kabla ya kuandika habari za Bwana Shamba, nilikwenda kumwomba ruhusa. Aliniuliza kama nitayataja makosa yake. Nikamwambia nitayataja. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Andika tu, Shehe. Lakini jina yangu hapana weka. Na andika kwamba mimi nilikuwa na cheti."

Basi naandika: alikuwa na cheti. Jina nimeliacha, na sidhani kuna mtu kati ya Koboko na Arua atakayehangaika kulitafuta.

Alikuwa afisa wa kilimo, kwanza wa serikali, kisha, alipostaafu, wa miradi iliyokuja na kuondoka. Nyumba yake ilikuwa Aroi, karibu na mji wa Arua, na mke wake alikuwa huko. Kwetu alifika kwa pikipiki mara moja au mbili kwa wiki, amevaa mabuti ya mpira hata katikati ya kiangazi, wakati ardhi yetu imekauka kama kigae. Mabuti yale aliyapaka mafuta yang'ae. Sijawahi kuyaona na tope.

Alikuwa na desturi ya kuyasalimu mazao kabla ya watu. Mwenye nyumba atatoka na kiti, atasimama nacho mlangoni, na Bwana Shamba atakuwa ameinama kwenye muhogo, anageuza jani moja moja na kuligunia. Siku moja tulikuwa na msiba. Alifika, akapita nyuma ya nyumba moja kwa moja, akazunguka shamba lote la marehemu, ndipo akaja kwa mjane aliyekuwa amekaa mkekani. "Pole sana, mama," akamwambia. "Na mahindi yake pia iko mgonjwa."

Mjane yule aliacha kulia kwa mshangao. Wengine walisema hiyo nayo ni aina ya faraja.

Nisiwe mkosefu wa shukrani. Ugonjwa ulipoumaliza muhogo wetu, majani yakajikunja na mizizi ikawa kama vidole, ni yeye aliyetuletea vipandikizi vizima. Alivigawa nyumba kwa nyumba, akakataa hata kuku. Muhogo ninaokula leo ni uzao wa vile vipandikizi, na kila nikiumenya namwombea dua. Alitufundisha pia kupanda kwa mistari, na watu waliomcheka ndio hao leo wanaowacheka wasiopanda kwa mistari.

Lakini mtu huyu Mungu alimpa jaribio moja: hakuweza kukataa kitu kilichotoka mbali. "Kitu imetoka mbali," alikuwa akisema, "haiwezi kuja bure." Alituletea mbuzi wa maziwa wa ng'ambo, warefu kama ndama, waliodharau majani na kula nguo zilizoanikwa. Alituletea miche ya mti wa kufukuza mbu. Mti ulikua vizuri sana, na mbu wakaupenda. Ukimkumbusha mambo hayo hakukasirika. Alitoa daftari, akaandika ulichosema, akakushukuru kwa maoni. Tangu siku hizo namwogopa mtu anayenishukuru kwa maoni.

Sasa nieleze habari ya shamba la msikiti, maana hapo ndipo nilipoingia mimi mwenyewe, na kama kuna kicheko katika habari hii, sehemu yangu naidai.

Msikiti wetu una shamba la wakfu. Halina mwenyewe, ni la Mungu, na kila kinachotoka humo ni cha sufuria moja kubwa ya uji inayopikwa uani mwezi mzima wa Ramadhani. Wanaofuturu kwenye sufuria hiyo ni wajane, wazee wasio na watoto, wapagazi wa mpakani, wakimbizi waliovuka juzi wakiwa na mkeka tu. Wapo pia wanaokuja bila kufunga, na sisi hatuulizi. Tangu enzi za wazee wetu, askari waliotoka Sudani wakakaa hapa, shamba lile lilipandwa mtama. Hupandwa katika mvua za Agosti, huvunwa Disemba, nao ndio unga wa Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia kiangazi, wakati hakuna kitu kingine shambani. Mtama ukikosekana, sufuria ni tupu. Ni hesabu fupi, hata mtoto anaielewa.

Msimamizi wa shamba kwenye karatasi nilikuwa mimi. Aliyelijua shamba ni Haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. Huyu ni mjane mwembamba, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Yeye ndiye aliyechagua mbegu, akawaita wanawake wenzake siku ya kupanda, na akapika uji. Mimi nilisoma dua ya kufungua shamba, kisha nikaenda zangu kunywa chai.

Mwaka huo Bwana Shamba alikuja mwezi wa Julai na mifuko minne. "Shehe," aliniambia, "leo nimeleta kitu. Inaitwa tritikali."

"Ni nini?"

"Baba yake iko ngano. Mama yake iko nafaka ya Ulaya, inaitwa rai. Wazungu waliwaoza wawili hawa, wakapata mtoto ana nguvu kushinda wote. Udongo mbaya, anaota. Ugonjwa, hajui. Unga yake inapika chapati, inapika uji, inapika mkate. Watu yako watafuturu mkate, Shehe!"

Alisema mengi ya kweli. Nimeuliza baadaye, na nafaka hiyo ni kweli ina sifa hizo, huko inakofaa. Lakini si sifa zilizonishinda. Alichonishindia ni kibao. Aliahidi kuchonga kibao kikubwa cha kusimamisha barabarani, kiandikwe kwamba hapa ndipo shamba la kwanza la tritikali katika mkoa wetu mzima wa West Nile, shamba la msikiti wa Dranya. Namwomba Mungu msamaha: nafsi yangu ilikuwa imekwisha kukisoma kibao kile kabla mti wake haujakatwa.

Tena palikuwa na ile nyota. Kila mfuko ulikuwa umechapwa maandishi ya lugha tusiyoijua, picha ya shamba zuri, na kwenye pembe kinyota cheupe ndani ya duara la samawati. Nilihesabu ncha zake. Sita. Ijumaa ile nikapanda mimbari, nikawaambia waumini kwamba nguzo za imani ni sita, na Mwenyezi Mungu ana njia nyingi za kuweka alama kwenye riziki. Watu walitikisa vichwa kukubali. Bwana Shamba, ambaye ni Mkatoliki, alikuwa amesimama nje dirishani akisikiliza, naye alitikisa kichwa kuliko wote.

Haboba peke yake hakutikisa. Alitungoja uani.

"Mtama iko na kosa gani?" akauliza.

"Hakuna kosa, Haboba," akasema Bwana Shamba. "Iko ya zamani tu."

"Hata mimi niko ya zamani. Utaning'oa?"

"Haboba, hii ni sayansi."

"Nimesikia. Sayansi itakula nini Ramadhani?"

Nilimwambia Haboba awe na subira, kwani subira ni nusu ya imani. Mungu anisamehe na hilo pia, kwa kuwa mwenye subira pale alikuwa yeye, nami ndiye niliyekuwa na haraka.

Tukapanda Agosti, kwa mistari iliyonyooka kama safu za sala. Mbegu iliota kwa wingi ajabu. Sasa sikia jambo lililofuata, maana sidhani kabila lingine lingeliweza. Kabla ya mmea kufika magoti, kamati ya msikiti iligawanyika juu ya hukumu ya sharia. Je, sadaka ya fitri itafaa kutolewa kwa tritikali? Kundi moja lilisema mtoto hufuata baba, basi hii ni ngano, na ngano imetajwa. Kundi la pili likasema rai haijulikani vitabuni, na kisichojulikana kiachwe. Mzee mmoja mwenye duka la nguo, mtu wa wasiwasi, akaleta habari ya nyumbu. "Punda na farasi wakizaa," akasema, "anayetoka ni nyumbu, na nyumbu haliwi. Mimi hii kitu siweki mdomoni." Akajibiwa kwamba wazazi wa nyumbu si sawa na wazazi wa tritikali, ambao wote wawili ni halali. Tulikaa vikao vitatu. Nilifungua vitabu ambavyo sikuwa nimevifungua tangu ujana, vumbi likanifanya nipige chafya mbele za watu. Tukaafikiana kwamba inafaa, ila mzee wa nyumbu alitaka iandikwe kwamba yeye hakukubali.

Katika vikao vyote vitatu hakuna aliyekwenda kutazama shamba.

Shamba lilikuwa jani. Septemba jani, Oktoba jani, Novemba jani. Lilikuwa jani zuri, la kijani iliyokolea, nene kama zulia la msikiti wa mji mkubwa. Watu waliokwenda soko la Koboko walisimamisha baiskeli kulitazama. Jirani yetu mmoja, mlinzi wa kanisa, kila asubuhi alipiga kelele kutoka barabarani, "Shehe, nyasi yenu iko vizuri!" Mwanzoni nilimshukuru.

Bwana Shamba alikuja kila wiki na utepe wa kupimia. Alipima urefu, akaandika. Alihesabu machipukizi, akaandika. Nilipomwuliza masuke yako wapi, alisema, "Inajipanga, Shehe." Wiki iliyofuata ilikuwa bado inajipanga. Mtama wa majirani ulitoa masuke, ukaanza kuinama, ndege wakaja, watoto wakawafukuza. Kwetu hata ndege hawakuja. Haboba aliliona hilo kabla yetu. "Ndege haina cheti," akasema, "lakini iko na macho."

Disemba ilipofika nilichukua mfuko mmoja mtupu, nikapanda gari hadi Ombaci, kwa sista mmoja mzee wa misheni. Alitoka Ulaya akiwa msichana, na kwao walikuwa wakulima. Tunafahamiana tangu zamani, nasi huandikiana salamu kila sikukuu, yake na yangu. Nilimweleza. Akavaa miwani, akasoma mfuko, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akakaa.

"Shehe," akasema, "umeona alama hii hapa?"

"Nimeiona. Nyota."

"Si nyota. Ni theluji."

Nikauchukua mfuko, nikaitazama tena.

"Tritikali ziko za namna mbili," akaendelea kwa upole, akijifuta macho. "Moja inapandwa na kuvunwa kama nafaka nyingine. Hii si hiyo. Hii inapandwa kabla ya majira ya baridi. Inalala chini ya theluji, na ikishaonja baridi wiki nyingi, ndipo inakubali kutoa suke. Bila baridi itabaki majani mpaka ife. Ninyi huko Koboko mna theluji?"

"Hatuna, Sista."

"Basi hamna mkate."

Njia nzima ya kurudi niliikumbuka hotuba yangu ya nguzo sita. Nilishukuru kwamba Sista hakuniuliza tulidhani nyota ile ni ya nini.

Bwana Shamba alisikiliza habari hizo akiwa amesimama katikati ya shamba, mabuti yakimetameta. Aliinama, akageuza jani moja. Nilidhani sasa atasema neno moja ambalo sikuwahi kulisikia kwake, kwamba amekosea. Hatimaye akauliza, "Koboko iko na friji ngapi?"

Mpaka leo sijui kama alitania.

Januari majani yalianza kukauka, tukayakata, tukawapa mbuzi. Yafaa niseme ukweli wote: kwa lishe ya mifugo mmea ule hauna mfano. Mbuzi wa Dranya walinenepa, wakawa wanatembea kama wenye vyeo. Walifuturu kabla yetu. Mzee wa nyumbu naye alipita sokoni kifua mbele, akimkumbusha kila mtu kwamba nyumbu hazai.

Ijumaa ya mwisho kabla ya mwezi kuandama nilisimama mbele ya waumini. Nikasema kwamba shamba la Mungu lilikuwa mikononi mwangu, nami nililitoa kwa ajili ya kibao, na mwaka huu sufuria haina unga. Nilisema hivyo tu, nikashuka. Sikumtaja Bwana Shamba. Kosa lake lilikuwa la kusoma mfuko vibaya, langu lilikuwa la kutomsikiliza mtu aliyejua.

Jioni ile wanawake walianza kuja uani. Kila mmoja alikuwa na bakuli, au kikapu, au kitambaa kimefungwa. Mtama, wimbi, unga wa muhogo. Walikuja Waislamu, wakaja Wakristo. Mke wa mlinzi wa kanisa alileta kikapu kilichojaa mpaka juu, na mumewe kwa siku nzima hakusema habari za nyasi. Haboba alipokea, akamimina, hakuniambia neno. Nilitamani anitukane.

Siku ya tatu pikipiki ya kukodi ilifika kutoka Aroi imebeba magunia mawili ya mtama na mwanamke mmoja katikati yake, ameshika kitambaa cha kichwa. Alikuwa mke wa Bwana Shamba. Sikuwahi kumwona kabla ya siku hiyo. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Hii iko ya nyuma ya nyumba," akasema.

"Wewe hukupanda tritikali, mama?" nikamwuliza.

"Mume yangu alileta mfuko. Mbegu nilipatia kuku."

"Naye akasema nini?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto. "Mzee anakula mtama yangu kila siku, Shehe. Miaka mingi. Hajauliza inatoka wapi."

Haboba alicheka hadi mwiko ukamtoka mkononi. Wawili wale walishikana mikono, wakaenda kukaa jikoni, nami nikabaki na magunia.

Tangu mwaka huo kila Ramadhani gunia moja lilifika kutoka Aroi kabla ya mwezi kuandama. Hakuna aliyeliomba. Shamba letu lilirudia mtama, lakini wakimbizi waliongezeka na sufuria ikaongezwa ya pili, na hiyo ya pili ndiyo iliyojazwa na gunia la mama yule. Bwana Shamba aliendelea kuja na utepe wake, akipima mtama wetu, akitoa ushauri. Juu ya gunia hakusema neno, nadhani kwa sababu hakujua kwamba linakuja.

Mama yule alifariki mwaka jana, baada ya Pasaka. Tulikwenda kumzika, tukarudi. Mvua za Agosti zilipoanza nilisikia kwamba Bwana Shamba hatoki nyumbani, nikaenda Aroi kumtazama.

Nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba kwenye kiti cha mbao, miguu mitupu. Mbele yake palikuwa na kipande cha ardhi, kikubwa kuliko nilivyodhani, na magugu yamefika kiunoni isipokuwa pembe moja iliyokatwa vibaya vibaya kwa panga. Mikono yake ilikuwa na malengelenge.

Tulipeana salamu. Kisha akasema, "Wale watu ya sufuria. Binti yangu aliniambia. Gunia ilikuwa inaenda kila mwaka."

"Ilikuwa inakuja, ndiyo. Mungu amlipe."

"Na Ramadhani hii inakuja?"

Alijua jibu kama nilivyolijua mimi.

Akainuka, akaingia jikoni, akatoka na fungu la masuke ya mtama, meusi kwa moshi, lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Mkewe alikuwa amelitundika juu ya mafiga, wadudu wasilile. Alilishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu.

"Nataka gunia yake iende," akasema. "Shehe, sikiliza, hapana cheka. Nimefundisha watu kulima miaka arobaini. Mtama ya hapa inapandwa siku gani?"

Sikucheka. Nilifungua kinywa nimwambie, nikagundua kwamba sijui. Nilijua dua. Nilijua mwezi. Siku yenyewe, kina cha shimo, punje ngapi kila shimo, hayo kwa miaka thelathini aliyajua Haboba, nami nilikuwa nikinywa chai.

Tukampigia simu. Nilimweleza jambo lilivyo.

"Wazee wawili," akasema.

"Wawili, Haboba."

"Ndevu nyeupe."

"Nyeupe."

"Udongo iko na maji?"

Tulitazamana. "Mvua imenyesha juzi," nikasema.

"Siulizi mvua. Nauliza udongo. Ingiza mkono."

Bwana Shamba alipiga magoti pale palipokatwa, nami nikapiga magoti kando yake, kanzu yangu ikashika tope. Akazamisha vidole, kisha kiganja chote. Akauchomoa mkono, akaonyesha alama ya unyevu kwenye kifundo, akiielekeza kwenye simu, ambayo haikuwa na macho.

"Mpaka wapi?" Haboba akaita.

"Kifundo," nikasema. "Mpaka kifundo cha mkono."

"Basi munangoja nini?" akasema, akakata simu.